Gesi na vumbi baina ya nyota: maswali yanayoulizwa mara kwa mara ufukweni Kigoma

Usiku wa giza, mwezi usipokuwepo, wavuvi wa dagaa huwasha taa zao ziwani, nasi tunajitenga na mataa ya soko la Kibirizi na kuketi mchangani tukitazama juu. Wanaokuja ni wanafunzi, wazee, na akina mama wanaosubiri mitumbwi irudi alfajiri. Maswali yao hujirudia kila mwezi, na mengi si ya nyota zenyewe bali ya kilichopo katikati yake. Nimeyaandika hapa, kuanzia ya mwanzo hadi yale yanayonikosesha usingizi. Jibu likiwa tayari liko kwenye swali jingine, nimetaja namba yake.

## Ya mwanzo

1. Kati ya nyota na nyota si patupu?

Panakaribia kuwa patupu, lakini pana kitu. Kwa wastani kila sentimita moja ya ujazo ina atomu moja hivi. Hewa tunayovuta hapa ufukweni, ujazo huohuo, ina molekuli zaidi ya milioni 20 za trilioni.

Hesabu ninayoipenda ni hii. Ziwa Tanganyika lina maji ya kilomita za ujazo zipatazo 18,900. Tuseme ziwa lote limekauka, kuanzia Burundi hadi Zambia, na bonde lake lote hadi kina cha mita 1,470 limejazwa gesi ya baina ya nyota. Atomu zote za ziwa zima zingekuwa sawa na chembe za hewa isiyojaza hata kizibo cha soda.

Hata hivyo anga ni pana kupita kiasi. Ukikusanya gesi yote iliyotawanyika kwenye galaksi yetu, yaani kundi kubwa la nyota ambamo jua letu limo, unapata uzito wa majua mabilioni kadhaa. Ndiyo maana sipendi kuliita eneo lile "utupu" mbele ya wanafunzi. Neno hilo huwafunga macho kabla hawajatazama.

2. Ni gesi gani, na vumbi ni kiasi gani?

Katika kila atomu 100, karibu 90 ni hidrojeni na 9 ni heli. Vyote vingine tunavyovijua, oksijeni, kaboni, chuma, dhahabu, vinagawana nafasi ndogo iliyobaki. Vumbi ni takribani asilimia 1 tu ya uzito wote, lakini hiyo asilimia moja ndiyo inayoficha nyota. Tazama swali la 5.

3. Vumbi hilo ni kama la barabarani wakati wa kiangazi?

Hapana, linafanana zaidi na moshi. Punje ya kawaida ina upana wa sehemu moja ya elfu kumi ya milimita, kwa hiyo ingekubidi upange punje mia kadhaa ili ufikie unene wa unywele mmoja. Baadhi ni za madini ya jamii ya mchanga, baadhi ni za kaboni na zinafanana sana na masizi ya chini ya sufuria. Sehemu zenye baridi kali punje hizo huvikwa ganda la barafu.

Ni chache mno. Chukua kiwanja cha mita 100 kwa mita 100, kisha ukipandishie kuta hadi mita 100 kwenda juu. Ndani ya chumba hicho kikubwa utakuta punje moja hivi.

4. Kule ni baridi au joto?

Inategemea uko wapi. Mawingu mazito huwa na nyuzi 260 hivi chini ya sifuri. Gesi iliyo jirani na nyota changa zenye moto mkali hufika nyuzi 10,000, na ile iliyopulizwa na nyota zilizolipuka hufika mamilioni ya nyuzi. Usiogope hiyo milioni: chembe ni chache kiasi kwamba zisingeweza kupasha maji ya kikombe kimoja cha chai.

## Kuliona kwa macho ukiwa Kigoma

5. Yale madoa meusi katikati ya Njia Nyeupe, ule mkanda wa nuru unaokatiza anga, ni mawingu ya mvua?

Hili ndilo swali la kwanza kila usiku, na ndilo lililonifanya nianze kuyaandika haya yote. Mtoto huinua mkono na kusema, "Mwalimu, pale pana wingu." Tunangoja saa nzima. Njia Nyeupe inasogea kuelekea Kongo, na doa linasogea pamoja nayo, halibadiliki umbo wala halijitengi. Wingu la mvua lisingefanya hivyo. Basi wanauliza tena: ni tundu? Hakuna nyota pale?

Waliouliza hivyo si watoto peke yao. William Herschel, mmoja wa watazamaji hodari wa karne ya 18, aliyachukulia madoa ya namna hiyo kuwa matundu angani. Baadaye E. E. Barnard wa Marekani alipiga picha za anga kwa miaka mingi, na mwaka 1919 akachapisha orodha ya madoa meusi 182. Kadiri alivyozikagua picha zake ndivyo alivyozidi kuona kwamba kuna kitu kimesimama mbele ya nyota. Mwaka 1930 Robert Trumpler alipima makundi ya nyota na kukuta yale ya mbali yamefifia kupita umbali wake unavyostahili. Nuru ilikuwa ikiliwa njiani.

Sasa, punje moja katika chumba cha mita 100 inawezaje kuziba nyota? Jibu liko mbele yetu kila mwaka. Mwezi wa nane, watu wakichoma nyasi porini, simama ufukweni mchana. Hewa iliyo mbele ya uso wako ni safi, na mkono wako unauona vizuri. Lakini milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa imetoweka. Moshi mwepesi ule ule usioonekana kwa hatua kumi umejilimbikiza kwa makumi ya kilomita hadi ukawa ukuta. Angani hakuna makumi ya kilomita. Mwaka nuru mmoja, yaani umbali ambao nuru husafiri kwa mwaka, ni kilomita zipatazo trilioni 9.5, na nuru ya nyota za mbali imepita maelfu ya miaka nuru ndani ya vumbi.

Kwa hiyo lile giza si pengo. Ni kitu, na kina uzito. Nyuma yake nyota zimejaa kama kwingineko.

6. Nitazame lini, na wapi?

Usiku wa giza, ule ule ambao dagaa wanafuata taa. Katikati ya Agosti, saa tatu usiku, kiini cha Njia Nyeupe kipo juu sana, kimeinamia kusini kidogo mwa utosi, karibu na kundinyota la Nge. Ufa mweusi unaoipasua Njia Nyeupe katikati unaonekana bila darubini. Mwishoni mwa Mei, saa hiyo hiyo, geukia kusini utafute Msalaba wa Kusini. Pembeni yake kuna doa jeusi kama mfuko wa mkaa uliowekwa juu ya unga. Lipo umbali wa miaka nuru 600 hivi.

Yape macho dakika ishirini bila kuwasha simu. Taa za wavuvi zinaumiza kidogo upande wa ziwani, lakini hakuna atakayewaambia wazime riziki yao. Geuka tu uzipe mgongo. Moshi wa kiangazi ni adui mkubwa zaidi. Siku ukiwa mzito, subiri manyunyu ya kwanza yaoshe hewa.

7. Lile doa la ukungu chini ya mkanda wa kundinyota la Jabari (Orion) ni nini?

Hilo ni gesi inayowaka. Ni nebula, yaani wingu la angani, ya Jabari, iliyo umbali wa takribani miaka nuru 1,300. Nyota changa zilizomo ndani yake zinatoa miale mikali inayoichokonoa hidrojeni hadi nayo inang'aa. Itafute jioni kuanzia Desemba hadi Machi, mvua ikikatika. Darubini ndogo ya mkononi inatosha kukuonyesha kwamba si nyota.

8. Kwa nini Kilimia kwenye picha kimezungukwa na ukungu wa buluu?

Wazee wetu walikitumia Kilimia kujua majira ya kulima, na wengi hushangaa kusikia kwamba kimezama ndani ya vumbi. Vumbi hilo haliwaki kama gesi ya Jabari. Linarudisha tu nuru ya nyota zile, na punje ndogo hutawanya rangi ya buluu kuliko nyekundu. Zamani ilidhaniwa ni mabaki ya wingu lililozizaa nyota hizo. Siku hizi inaeleweka kwamba Kilimia kiko safarini na kinapita tu kwenye vumbi la watu wengine.

9. Nyota zilizo nyuma ya vumbi zinageukaje kuwa nyekundu?

Kama jua linavyogeuka linapozama nyuma ya milima ya Kongo mwezi wa Agosti. Moshi na hewa vimeitupa buluu pembeni, iliyofika jichoni ni nyekundu. Punje za angani zinafanya kazi hiyo hiyo. Mtaalamu akiona nyota ambayo kwa aina yake ingepaswa kuwa ya buluu lakini imefika ikiwa na wekundu, anapima tofauti hiyo na kujua kuna vumbi kiasi gani njiani.

10. Zile rangi za picha za darubini kubwa ni za kweli?

Nyingine ndiyo, nyingine zimepangwa. Wekundu wa hidrojeni inayowaka ni wa kweli, ila jicho letu usiku halina nguvu ya kuona rangi hafifu, hivyo tunaona kijivu. Picha maarufu ya nguzo za vumbi iliyopigwa na darubini ya Hubble mwaka 1995 ilipewa rangi kwa makusudi, kila rangi ikiwakilisha aina ya atomu. Darubini ya James Webb inaona miale ya infraredi ambayo hakuna binadamu anayeiona, kwa hiyo rangi zake zote ni tafsiri. Tafsiri si uongo, maadamu mtu ameambiwa.

## Wamejuaje?

11. Gesi isiyowaka haionekani. Nani aliigundua?

Mwaka 1904 Johannes Hartmann, Mjerumani, alikuwa akichunguza nuru ya nyota moja ya kwenye mkanda wa Jabari. Hiyo ni nyota pacha: zinazungukana, hivyo mistari ya rangi kwenye nuru yake huyumba huku na huku. Mstari mmoja, wa kalsiamu, haukuyumba. Akaelewa kwamba kalsiamu hiyo haipo kwenye nyota. Ipo njiani, kati ya nyota na sisi.

Hidrojeni baridi ilihitaji redio. Atomu yake, ikiachwa peke yake, hubadili mkao wake wa ndani na kutoa wimbi la redio la sentimita 21. Atomu moja ingeweza kungoja zaidi ya miaka milioni 10 ili ifanye hivyo mara moja. Lakini atomu ni nyingi mno, kwa hiyo kila sekunde kuna zinazotoa sauti yao. Hendrik van de Hulst wa Uholanzi alilitabiri wimbi hilo mwaka 1944, nchi yake ikiwa bado vitani, na mwaka 1951 Harold Ewen na Edward Purcell wakalinasa huko Harvard. Redio haizuiwi na vumbi, na hivyo ndivyo ramani ya mikono ya galaksi yetu ilivyoanza kuchorwa.

12. Kama vumbi linaziba, wanaonaje kiini cha galaksi?

Kiini kiko umbali wa takribani miaka nuru 26,000. Katika nuru ya kawaida, kati ya kila chembe trilioni moja za nuru zinazoanza safari kuja kwetu, inafika moja hivi. Mawimbi marefu ya infraredi hupenya. Kwa njia hiyo vikundi vya wanaastronomia Reinhard Genzel na Andrea Ghez vilifuatilia nyota zinazozunguka kitu kizito kisichoonekana pale katikati, na wote wawili wakapewa Tuzo ya Nobeli mwaka 2020.

13. Ni kweli kuna maji na pombe huko?

Ni kweli. Maji yapo, kama mvuke na kama barafu juu ya punje za vumbi. Pombe ya namna ya kwenye chupa ilitambuliwa mwaka 1975 katika wingu kubwa karibu na kiini cha galaksi. Molekuli zaidi ya 300 zimeshatambuliwa hadi sasa. Nyingi zinahitaji vumbi ili ziwepo: punje inakuwa kama meza ambapo atomu mbili zilizochoka hukutana, na wingu zima linazikinga dhidi ya miale mikali ambayo ingezivunja.

## Linatoka wapi, linaenda wapi

14. Vumbi lenyewe limetoka wapi?

Kwenye nyota zinazozeeka, na kwenye nyota zinazolipuka. Nyota ikizeeka huvimba na kupuliza gesi yake nje. Gesi ikipoa inaganda kuwa punje, kama masizi yanavyojitunga juu ya moto.

Jambo hili lilitokea machoni petu. Mwishoni mwa mwaka 2019 ile nyota nyekundu ya bega la Jabari, Betelgeuse, ilianza kufifia, na kufikia Februari 2020 ilikuwa na mwanga chini ya nusu ya kawaida yake. Watu hapa waliliona bila kuambiwa. Ilielezwa baadaye kwamba nyota ilikuwa imetema gesi, sehemu ya uso wake ikapoa, gesi ile ikageuka vumbi na kuifunika nyota upande wetu. Kisha likatawanyika, mwanga ukarudi.

15. Mawingu haya yanazaaje nyota?

Wingu likiwa zito na baridi vya kutosha, uzito wake wenyewe hulishinda. Linaanza kujikunja, katikati panapata joto, na baada ya mamilioni ya miaka hidrojeni inawaka kinyuklia. Galaksi yetu hutengeneza nyota zenye uzito wa jua moja au mawili hivi kwa mwaka. Gesi na vumbi vinavyobaki vikizunguka hushikamana na kuwa sayari.

16. Basi na sisi tumetokana na vumbi hilo?

Kwa sehemu kubwa. Kalsiamu ya mifupa, chuma cha damu, kaboni na oksijeni vilipikwa ndani ya nyota zilizokufa kabla ya jua letu, vikakaa kwenye mawingu kama yale ya swali la 5. Hidrojeni ni habari nyingine. Katika atomu za mwili wako, takribani 60 kwa kila 100 ni hidrojeni, nayo haikupikwa ndani ya nyota yoyote. Ina umri wa karibu ulimwengu mzima. Bibi mmoja aliponisikia alisema tu, "Udongo, kama tulivyoambiwa." Sikuona sababu ya kumbishia.

## Magumu kidogo

17. Hili ndilo wanaloita maada ya giza?

Hapana, na mchanganyiko huu ninausikia kila mara. Vumbi huzuia nuru, hupata joto, hutoa infraredi. Ni atomu za kawaida. Maada ya giza haizuii nuru wala haitoi. Inajulikana kwa mvuto wake tu.

18. Usiku ni mweusi kwa sababu vumbi linaziba nyota zote za mbali?

Jibu linaonekana zuri, lakini halisimami. Kama ulimwengu ungekuwa na nyota kila upande bila mwisho na bila mwanzo, vumbi lingemeza nuru yao hadi lichemke na kung'aa lenyewe kama nyota. Usiku ni mweusi kwa sababu ulimwengu una umri, takribani miaka bilioni 13.8, na nuru ya mbali zaidi haijapata muda wa kutufikia. Isitoshe, ulimwengu unatanuka na kuinyoosha nuru hiyo hadi jicho lisiione.

19. Vumbi limewahi kuwapotosha wataalamu?

Mwaka 2014 kikundi cha darubini ya BICEP2, iliyoko Ncha ya Kusini, kilitangaza kwamba kimeona alama ya mawimbi ya mvutano kutoka mwanzo kabisa wa ulimwengu. Habari ilienea dunia nzima. Kisha vipimo vya setilaiti ya Planck vikaonyesha kwamba punje za vumbi la galaksi yetu, zikiwa zimejipanga kufuata usumaku, zinaweza kutoa alama hiyo hiyo. Mwaka uliofuata vikundi vyote viwili vilikaa pamoja, vikachapisha pamoja, na dai likaondolewa. Huwa nawasimulia wanafunzi kisa hiki kwa heshima. Waliokosea ndio walioketi na waliowakosoa kutafuta ukweli.

20. Jioni naona mwanga wa pembetatu umesimama juu ya milima ya Kongo. Ndilo hilo?

Kama jua limezama saa moja na nusu iliyopita na anga ni safi, ulichoona ni vumbi, ila si la baina ya nyota. Ni vumbi la nyumbani, la vimondo na nyotamkia, linalozunguka jua pamoja na sayari na kurudisha nuru yake. Sisi tulio karibu na ikweta tunaliona limesimama wima vizuri kuliko watu wa kaskazini.

21. Tunaweza kulishika mkononi? Je, kimondo cha Mbozi kinalo?

Cha Mbozi ni chuma. Chuma hicho kiliwahi kuyeyuka, na kuyeyuka kunafuta punje za zamani. Zilizosalia zimepatikana kwenye vimondo vya mawe ambavyo havikuwahi kuyeyuka, kama kile kilichoanguka Murchison, Australia, mwaka 1969. Ndani yake kuna punje zilizotangulia kuzaliwa kwa jua, baadhi zikiwa na umri wa miaka bilioni 7 hivi, wakati jua lina bilioni 4.6.

22. Kuna chombo cha binadamu kilichowahi kufika huko?

Viwili. Jua hupuliza upepo wa chembe unaotengeneza puto kubwa kulizunguka lenyewe na sayari zote. Voyager 1 ilitoka nje ya puto hilo Agosti 2012, na Voyager 2 ikafuata Novemba 2018. Zilirushwa zote mwaka 1977.

Wengi hudhani chombo kikishatoka nje ya himaya ya jua kitakuta upweke mtupu zaidi. Ilikuwa kinyume. Ndani ya ukingo wa puto, gesi ilikuwa nyembamba mno. Nje, katika gesi ya baina ya nyota, Voyager 1 ilipima elektroni 8 hivi katika kila sentimita 100 za ujazo, mara kumi kadhaa zaidi ya upande wa ndani ilikokuwa imetoka.